Kwa nini Kipevu bado inachoma mafuta?

Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Ziwa Turkana. Mafuta ni ghali na moshi wake ni mchafu. Basi mbona Mombasa bado ina mitambo ya mafuta pale Kipevu, kando ya bandari ya Kilindini?

Kipevu I, ya takriban megawati 75, ilianza kazi mwaka 1999. Tsavo, mtambo jirani wa kampuni binafsi wenye ukubwa kama huo, ulifuata mwaka 2001 na mkataba wake wa miaka 20 wa kuuza umeme ukaisha 2021. Kipevu III ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilikuja 2011: injini saba, megawati 120 kwa jumla. Hizi ni injini za dizeli za aina ile inayosukuma meli kubwa, na zinakula mafuta mazito, meusi, ambayo yakipoa hayamiminiki. Sharti yapashwe moto kwanza ndipo pampu iyasukume. Moshi wa injini zenyewe unachemsha maji, na mvuke wake unayalainisha mafuta.

Wanaoendesha gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, huanza na umeme wa bei nafuu. Olkaria hufanya kazi mchana na usiku, upepo unapokelewa ukivuma, maji yanafunguliwa kwa hesabu. Mafuta huitwa mwisho. Tatizo ni saa za kuanzia magharibi hadi kama saa nne usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa zinawaka, feni na viyoyozi vya pwani vinazunguka, na jua limeshatua, kwa hiyo sola haisaidii kitu. Upepo nao hauamrishwi. Mafuta yaliyomo tangini yanaamrishwa, na injini iliyowekwa ikiwa na joto huingia kwenye gridi kwa dakika chache tu.

Lakini jambo ambalo wengi hawalifahamu, na mimi naliona ndilo kubwa zaidi, ni umbali. Umeme unasafirishwa kwa msukumo, yaani volti. Waya ukiwa mrefu na wenye mzigo mzito, msukumo hupungua kadiri unavyosonga mbele, kama mfereji wa mtaa: nyumba za mwanzo zinajaza mapipa, ya mwisho inapata matone. Kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa ndiyo nyumba ya mwisho. Laini ya kilovolti 400 kutoka upande wa Nairobi, yenye urefu wa karibu kilomita 480, iliwashwa mwaka 2017 na ikapunguza shida hiyo sana. Hata hivyo, mtambo ulio karibu na watumiaji huinua volti papo hapo mahali zinapohitajika. Jenereta yake hurekebishwa ili kuupa mtandao msukumo huo, kazi ambayo mtambo wa mbali hauwezi kuifanya vizuri kwa Mombasa hata ukiwa na megawati za kumwaga. Kwa hiyo injini ya Kipevu inaweza kuwashwa hata pale ambapo nchi kwa jumla haina upungufu wa umeme.

Kisha kuna ukame. Mwaka 2009 maji ya Masinga, bwawa la Mto Tana, yalishuka hadi uzalishaji pale ukasimamishwa, na nchi ikakodi majenereta ya dharura ya dizeli. Mwaka kama huo ndio unaotufanya tusiharakishe kung'oa injini za zamani.

Gharama yake tunailipa waziwazi. Kwenye bili ya stima, au ukinunua tokeni, kuna tozo ya mafuta ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, huitangaza kila mwezi. Injini za mafuta zikifanya kazi zaidi, au bei ya mafuta duniani ikipanda, tozo hiyo nayo hupanda, na mwenye nyumba ya chumba kimoja Changamwe huihisi kabla ya mwenye kiwanda. Mtambo mzee pia huhitaji vipuri, mafundi na mapumziko marefu ya matengenezo, hata mwezi ambao haukuzalisha sana.

Betri kubwa zingeweza kubeba mzigo wa jioni kwa muda wa saa tatu au nne, na vifaa vya kurekebisha volti vinaweza kufungwa kwenye vituo vya umeme bila kuchoma tone la mafuta. Ukame wa miezi ni mzigo mwingine kabisa: betri ya saa nne haiuwezi, na hapo jibu ni visima zaidi vya mvuke Olkaria na kununua kwa majirani, kama tulivyoanza kuchukua megawati 200 kutoka Ethiopia mwaka 2022.