Mechi kumi za Walter Tull

Kila ninapochimbua habari za wanasoka waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, najikuta nimerudi kwa Walter Tull. Wengi humpachika sifa ya kuwa "mweusi wa kwanza" katika soka la kulipwa na miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na hapo ndipo ninapopingana nao. Arthur Wharton, kipa mzaliwa wa Accra, alikuwa akilipwa kucheza soka Uingereza tangu 1889, na jeshini nako walikuwepo maofisa weusi wachache waliomtangulia Tull. Mimi huvutwa na mechi zake kumi za ligi akiwa Tottenham, klabu ya London.

Alizaliwa Folkestone mwaka 1888. Baba yake alikuwa seremala kutoka Barbados, mama yake Mwingereza wa Kent. Mama alifariki 1895, baba akafuata 1897. Mama wa kambo alielemewa na mzigo wa kulea, na Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima cha Wamethodisti, Bethnal Green, London. Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, baadaye akawa daktari wa meno. Walter alibaki.

Mwaka 1909 Tottenham walimsajili kutoka Clapton, timu ya ridhaa. Oktoba mwaka huohuo wakaenda kucheza Bristol. Huko sehemu ya mashabiki walimtukana kwa rangi yake, matusi mazito kiasi kwamba mwandishi mmoja wa michezo aliyekuwepo aliyalaani gazetini, akaandika pia kwamba Tull ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani siku ile. Haikumsaidia. Baada ya muda akashushwa timu ya akiba. Mechi kumi za ligi na mabao mawili, basi, hayo ndiyo maisha yake yote ya ligi pale Tottenham. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na bado naamini klabu ilichagua njia rahisi: badala ya kumkinga mchezaji wake, ilimwondoa machoni pa watu.

Mwaka 1911 kocha Herbert Chapman alimchukua klabu ya Northampton Town. Akacheza zaidi ya mechi 100, mara nyingi akiwa kiungo.

Desemba 1914 alijiunga na kikosi cha wanasoka, Batalioni ya 17 ya Middlesex. Akapanda hadi sajenti, akapigana katika mapigano ya Somme, Ufaransa, 1916. Taratibu za jeshi zilitaka ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya tupu. (Huku kwetu, katika vita hiyohiyo, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliongozwa na maofisa wazungu.) Hata hivyo wakubwa wake, waliomwona mahandakini, walimpeleka chuo cha maofisa huko Scotland, na Mei 30, 1917 akawa luteni usu.

Januari 1918, Italia, aliongoza askari 26 usiku kuvuka mto Piave, maji yakienda kasi, hadi upande wa adui, na akawarudisha wote salama. Jenerali Lawford alimsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu wake.

Machi 25, 1918, karibu na Favreuil, Ufaransa, alipigwa risasi, Wajerumani wakiwa wanasonga mbele. Askari wake Tom Billingham, aliyewahi kuwa kipa wa Leicester, alijaribu kuuburuta mwili wake chini ya risasi hadi akashindwa. Tull hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa ukutani kwenye mnara wa kumbukumbu wa Arras.