Land Rover yako haikuzaliwa Dearborn

Bosi mwingine kanitumia picha WhatsApp. Tumbo la Mustang, gari la Ford la Marekani: propela ina mistari ya njano na buluu, kila nati ina tone la rangi, difu imeandikwa kwa chaki ya nta. "Fundi, na yangu iweke hivihivi, iwe orijino." Gari lake ni Land Rover Series III, 109, ile ndefu. Angekuwa wa kwanza kuniomba hivyo ningecheka.

Tuelewane. Alama za kiwandani si piko za bibi harusi. Hakuna aliyezipaka ili gari lipendeze. Nati ikishakazwa na kukaguliwa, iliguswa kwa rangi ili wa mbele ajue imepita. Springi ilipigwa mstari kwa sababu springi mbili zinaweza kufanana machoni zisifanane kazini. Kwenye Land Rover ya usukani wa kulia upande wa dereva unabeba zaidi, na anayefunga hana muda wa kupima mkunjo kwa futi. Maandishi ya nta kwenye ukuta wa injini yalimweleza mtu fulani afunge nini. Basi. Ukijua nani alikuwa anamwandikia nani, nusu ya maswali mnayoniuliza yanakufa.

Haya, Mustang. Miaka ya 1960 ilikuwa inaundwa kwenye viwanda vya Ford huko Marekani, Dearborn, San Jose na Metuchen, na alama za kiwanda kimoja si lazima zifanane na za kingine. Wamarekani wenyewe wanabishana mstari upi ni wa wapi, halafu wewe unauhamishia kwenye gari la Solihull, kiwanda cha Land Rover Uingereza! Na Solihull nako usiape. Land Rover nyingi zilitoka pale zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikaunganishiwa nchi nyingine. Zipo zilizofungwa Thika, hapo kwa jirani Kenya.

Ushahidi wa gari lako umo kwenye gari lako, ukiuwahi kabla ya dogo wa kuosha. Grisi iliyoganda miaka yote hiyo ndiyo iliyoutunza, na gereji zetu nyingi huanza kazi kwa brashi ya waya. Tumia mafuta ya taa, brashi laini na tochi unayoilaza pembeni. Chungulia chini ya washa, nyuma ya breketi, juu ya giaboksi. Piga picha, weka rula kwenye picha. Ukitaka springi mpya nenda Gerezani, kwa wauza spea wa Dar, lakini ya zamani usiiache hukohuko kabla hujaisoma.

Zilizogongwa kwenye chuma ni habari nyingine. Namba za konrodi na kofia zake, mishale ya kulinganisha propela: hizo zinafanya kazi hadi leo, usiongeze, usipunguze. Namba ya chesisi ndiyo kabisa. Ukiigonga upya umeacha kufufua gari, umeanza kesi.

Kinachoniudhi hasa ni unadhifu. Mtu ananunua kalamu ya rangi, anabandika selotepu pembeni, anavuta mstari kwa rula. Yule wa kiwandani alikuwa na kopo, brashi iliyochakaa, na gari jingine linamjia. Tone lake halikuwa duara. Lilianzia kwenye nati, likapanda ncha ya bolti, mara likadondokea bati la jirani. Na lilipakwa baada ya kukaza. Mnaopaka nati mezani kisha mnazifunga, spana inawaumbua: rangi imechubuka pembe zote sita. Mstari wa springi ni kinyume chake. Ukiwa umepakwa kabla springi haijafungwa, yubolti (bolti ya umbo la U inayobana springi kwenye ekseli) na sahani yake lazima viukanyage. Ukiona mstari unaikwepa yubolti kwa adabu, umepakwa juzi.

Halafu mchirizi. Rangi huchirizika kwenda chini, lakini chini ya siku ile, si ya leo. Vipo viwanda vilivyoanza kufunga chesisi ikiwa miguu juu, ekseli zikishushwa kutokea juu, ndipo wakaigeuza. Mchirizi wa hatua ile leo unaonekana unapanda mbinguni. Kwa hiyo kabla hujachovya brashi jiulize kifaa kililalaje, kilikuwa kimefungwa au bado, rangi nyeusi ilikuwa imepita au bado. Nta iliyoandikwa kabla ya rangi haiwezi kukaa juu ya rangi! Nimelisema hili mpaka vijana wa gereji wananiigiza sauti.

Rangi yenyewe ni mtihani. Nyeupe iliyolowa oili miaka mingi inakuwa njano, na mara nyingi siwezi kuapa ninayoiona ilikuwa ipi. Wala si kila alama ni ya kiwandani. Land Rover nyingi za hapa zilitumikia serikali, zikapita mikono ya mafundi wengi, nao walipaka matone yao na kuandika namba zao. Nikikuta namba za brashi ndani ya mlango, nifute kwa ajili ya Solihull au niziache kwa ajili ya fundi wa hapa? Mimi naziacha, na nimeshapoteza mteja kwa hilo. Pasipo dalili yoyote, sipaki kitu.

Kilichobaki kunisumbua ni klia, ile vanishi angavu ya kumalizia. Nta ikiachwa wazi inafutika Jumamosi ya kwanza gari likioshwa, na joto letu linailainisha. Ukipuliza klia juu yake, alama inang'aa kwa namna ambayo kiwanda hakikuwahi kuijua. Isiyong'aa nayo haishiki vizuri juu ya nta, inabanduka. Kwa sasa naiacha wazi na kumkataza mwenye gari asipitishe maji ya presha boneti ikiwa wazi. Mafundi rangi mnaosoma hapa, mwenye njia bora aiweke.