Gunia si kipimo

Imezoeleka kwamba gunia ni kipimo, na anayekataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni mchoyo. Gunia ni kifungashio tu; kipimo ni kilo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkulima ana kilo 1,300 za viazi, bei ni shilingi 80,000 kwa gunia. Akijaza kilo 100 kila gunia anapata magunia 13, yaani 1,040,000. Kila gunia likiongezewa kipande cha neti mdomoni na kushonewa "kilemba" hadi kilo 130, yanabaki 10: 800,000. Bei haikushuka, ila 240,000 zimeondoka.

Mnunuzi ananufaika mara mbili, maana wapakiaji, na mara nyingi ushuru pia, hulipwa kwa idadi ya magunia. Mkulima anayegoma peke yake hupitwa, gari likasimama kwa jirani. Ndiyo maana desturi hii inadumu ingawa Tanzania inaipiga marufuku. Kijiji kikikubaliana kuuza kwa kilo, mnunuzi hana pa kukimbilia.

Mizani ikifika, tazama kwanza stika ya Wakala wa Vipimo, hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu, kisha toa uzito wa gunia lenyewe.