"Malaria imejificha"

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwa bosi wa mradi fulani: watu wanakataa majibu ya maabara kwa sababu hawana elimu. Jamani! Mimi ndiye ninayetoa majibu hayo, na wabishi wakubwa wana shahada. Wengine ni manesi wenzangu.

Homa ni ileile, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ileile, mstari wa C tu, yaani hasi. Mimi nasema si malaria, tafuteni kingine. Mgonjwa anasema malaria imejificha, nipime BS, ile damu ya kuangaliwa kwa darubini. Ikiwa chanya, haombi nirudie! Jibu tulilolitarajia tunalipokea bila maswali. Tusilolitaka tunalitafutia kasoro. Kichekesho ni kwamba hata hiyo chanya ina maswali yake. Kipimo kinanasa HRP2, protini ya vimelea vya malaria, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dozi ya mseto, dawa ya malaria, majuzi anaweza kuonyesha mstari wa T, yaani chanya, huku anaumwa mafua.

Na nani aliwafundisha kwamba homa ni malaria? Sisi. Miaka na miaka tuliwapa watoto dawa bila kupima. WHO ilikuja kusema kila anayeshukiwa apimwe kwanza mwaka 2010. Mama alipewa vidonge, siku ya tatu mtoto anacheza. Homa nyingi za virusi zingeisha siku hiyohiyo bila kidonge, lakini angejuaje? Ushahidi wake ni watoto wake wote waliopona. Wewe unamletea kijiplastiki.

Takwimu nazo hazimtishi. Mwaka 2008, watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara: wenye malaria walikuwa kama asilimia 10, wenye maambukizi ya njia ya hewa asilimia 62. Mwambie hivyo, atakujibu wake yumo kwenye hiyo kumi. Mjibu basi!

Tena hajakosea kabisa. Vimelea vikiwa vichache mno kipimo hakivioni, na Eritrea vimepatikana visivyo na jeni ya HRP2, basi kipimo hakina cha kunasa. Kwa hiyo siku hizi sibishani. Namwomba daktari amtajie ugonjwa alio nao, maana "huna malaria" peke yake inamrudisha nyumbani na homa isiyo na jina, na amwambie arudi homa ikiendelea siku mbili. Kama inasaidia, sina hakika. Wengi hawarudi: labda wamepona, labda wamevuka barabara kwenda duka la dawa, ambako mseto unauzwa bila kuulizwa majibu.