Serikali kuacha kuuza pombe kali haimaanishi bei itashuka

Kuna meseji haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya wenzetu walioko Marekani, eti jimbo la Washington lilivyowaachia watu binafsi biashara ya pombe kali bei ikashuka, kwa hiyo serikali ikitoka tu dukani mnywaji kapona. Sio hivyo jamani.

Ni kweli tangu Juni 2012 maduka ya serikali hayapo tena, whisky unaichukua supamaketi pamoja na mkate na maziwa, na sehemu za kununua zimeongezeka sana, hiyo faida siikatai. Lakini kodi ilibaki palepale, asilimia 20.5 ya bei na juu yake dola 3.77 kwa lita, halafu muuzaji akabebeshwa ada ya asilimia 17 ambayo unadhani anamlipisha nani?

Kinachochanganya watu ni lebo. Zamani kodi ilikuwa humohumo, siku hizi inaongezwa kaunta. Shika risiti uone: chupa ya mililita 750 iliyoandikwa dola 20 inakula kodi ya 4.10, kisha ya ujazo 2.83, unatoa 26.93. Ukitaka kulinganisha na Oregon hapo jirani, ambako serikali bado ndo inapanga bei, chukua hiyo 26.93 maana kule lebo ndo mwisho.

Na bia na waini msizitolee mfano, zilikuwa supamaketi tangu zamani na hizo kodi mbili hazizigusi. Kwa hiyo ikikufikia hiyo meseji usiiforward, mwombe aliyeituma picha ya risiti.