Je, wajua mizani inaweza kupima ujazo wa jiwe?

Arusha ni mji wa madini, na kijiwe cha buluu unachoonyeshwa kinaweza kuwa tanzanaiti ya Mererani, yakuti samawi, au kioo tu kilichokatwa kwa ustadi. Macho hudanganyika. Densiti, yaani tungamo (gramu za kitu) ikigawanywa kwa ujazo wake, ni ngumu zaidi kuighushi: sentimita moja ya ujazo ya tanzanaiti ina takriban gramu 3.35, ya yakuti samawi gramu 4, ya kioo cha kawaida gramu 2.5 hivi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejua kugawanya tungamo kwa ujazo anaweza kujaribu mwenyewe.

Tungamo si kazi. Kazi ni ujazo. Darasani hufundishwa kutumbukiza jiwe kwenye silinda ya kupimia na kuangalia maji yamepanda kiasi gani. Kwa kokoto la barabarani, inatosha. Lakini vito ni vidogo, karati 5 ndiyo gramu 1. Tuseme kijiwe kina gramu 3.35. Maji yatapanda sentimita ya ujazo 1, na kwenye silinda nyingi za shule huo ni mstari mmoja. Ukikosea nusu mstari, jibu litaangukia popote kati ya 2.2 na 6.7. Kioo, tanzanaiti, yakuti, vyote vimo humo!

Basi weka silinda pembeni. Chukua mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.01, weka juu yake bika yenye maji, irudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, shika uzi, zamisha jiwe lote lisiguse chini wala ubavuni. Mizani itasoma 1.00, ingawa jiwe bado linaning'inia mkononi mwako. Kwa nini? Maji yanalisukuma jiwe juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa, kama alivyogundua Archimedes, mwanasayansi wa Ugiriki ya kale, na jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa nguvu ileile. Msukumo huo ndio mizani inaousoma. Kwa kuwa gramu 1 ya maji ni sentimita ya ujazo 1, umeshapata ujazo. 3.35 gawanya kwa 1.00, kazi imekwisha.

Sasa mwaga maji, kausha bika, tia mafuta ya alizeti, urudie kwa jiwe lilelile. Utasoma karibu 0.92. Gawanya kwa ile 1.00, na hiyo ndiyo densiti ya mafuta. Mafuta ya taa yatatoa kama 0.80. Kwangu mimi njia hii inaishinda chupa ya densiti, ile ya maabara ya kupimia densiti ya vimiminika, ambayo kuiosha na kuikausha ni adhabu.

Adui ni viputo. Kiputo kilichoganda kwenye jiwe huongeza ujazo, na tanzanaiti halali ikaonekana nyepesi kama kioo. Tone la sabuni kwenye maji husaidia. Jiwe lililokwisha kufungwa kwenye pete halipimiki hivi. Na ukipata 2.5 safi, hiyo si tanzanaiti. Ukipata 3.35, mpelekee mtaalamu kabla ya kutoa hela, maana kioo chenye madini ya risasi kinaweza kufika hapo.