Je, wajua kwa nini nyanya hukaangwa mpaka mafuta yajitenge?

Katika mapishi ya Dar es Salaam karibu kila mchuzi, uwe wa samaki, wa nyama au wa maharage, huanza kwa kitunguu na nyanya, na anayejifunza kupika huambiwa akaange nyanya mpaka mafuta yajitenge. Wengi hulifuata agizo hilo kwa mazoea. Aliyepanda nyanya nyumbani na kuvuna kuliko anavyoweza kula ana sababu kubwa zaidi ya kuelewa kinachotendeka ndani ya sufuria, kwa kuwa jambo hilohilo linaloupa mchuzi ladha ndilo linaloziokoa nyanya zake zisioze.

Wingi huo huja kwa mpigo, na chanzo chake ni hali ya hewa. Usiku wa Januari na Februari huwa na joto ambalo hudhoofisha chavua, hivyo maua mengi hupukutika bila kufunga tunda. Kipupwe kinapoingia mwezi Juni na usiku kupoa kidogo, maua mengi hushika kwa wakati mmoja, na matunda yake huiva kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, nyanya inayoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huziharakisha zilizo jirani nayo, na ndiyo maana beseni lililokuwa na nyanya nusu mbichi huonekana jekundu lote baada ya siku chache. Kuziuza hakusaidii sana, maana ndoo moja ya nyumbani haiwezi kushindana na matenga yanayoshushwa sokoni Ilala kutoka mikoa ya Iringa na Morogoro. Kuzianika juani nako ni kazi ngumu pwani, kwa sababu unyevu wa hewa hufanya ukungu uwahi kabla nyanya hazijakauka.

Friji pia si jibu zuri kwa nyanya nzima. Baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi hupunguza kemikali zinazoipa nyanya harufu yake, na utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba baridi huzima jeni zinazohusika na utengenezaji wa harufu hiyo, na kwamba baada ya siku saba za ubaridi harufu hairudi kikamilifu hata nyanya ikitolewa nje. Nyanya iliyovunwa ikiwa imeiva mtini, yenye harufu ambayo ya dukani haina, haistahili kupotezwa hivyo.

Sasa tuingie jikoni. Nyanya ni maji kwa asilimia 94 au 95 hivi, na maji hayo ndiyo yanayoiozesha upesi na kuifanya ladha yake ionekane hafifu. Maadamu yamo sufuriani kwa wingi, joto haliwezi kupita nyuzi 100, na mafuta hubaki yametawanyika katika matone madogo yaliyoshikiliwa na maji pamoja na nyuzinyuzi za nyanya. Kadiri maji yanavyopungua, matone hayo hukosa cha kuyashikilia, hukutana na kutoka pembeni mwa sufuria. Mafuta yanayojitenga ni ishara kwamba maji mengi yamekwisha kutoka, na kuanzia hapo joto la rojo hupanda zaidi ya nyuzi 100, sukari na asidi amino (viungo vidogo vinavyojenga protini) za nyanya huanza kubadilika rangi na kuzaa ladha mpya, na ile harufu ya ubichi hutoweka. Asidi, sukari na glutamati, ambayo ndiyo huifanya nyanya ikoleze mchuzi hata pasipo nyama, zote hubaki katika kiasi kidogo cha rojo. Kwa maoni yangu, anayekamua mbegu na utelezi wake na kuvitupa anajinyima, kwa sababu sehemu hiyo ina glutamati nyingi kuliko nyama ya tunda.

Mafuta yenyewe yana kazi nyingine. Likopini, rangi nyekundu ya nyanya, huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, na joto huzivunja kuta za chembe zinazoihifadhi. Ndiyo maana mafuta yaliyojitenga huwa mekundu, na mwili hufyonza likopini nyingi zaidi kutoka rojo lililokaangwa kuliko kutoka kachumbari. Vitamini C ndiyo inayopungua.

Anayepika ndoo nzima azingatie mpangilio. Kitunguu kilainike kwanza, kwa kuwa asidi ya nyanya hukizuia kulainika kikitiwa pamoja nayo. Nyanya zikatwe na kutiwa mara moja kwenye moto mkali, badala ya kusagwa kwenye blenda na kuachwa zisubiri, kwa sababu zinapokatwa vimeng'enya vyake, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kemikali, huanza kuivunja pektini, gundi ya asili inayolipa rojo uzito, na rojo huwa jepesi. Joto la nyuzi 85 hivi huvizima. Baada ya hapo moto upunguzwe, na mwiko usikae mbali.

Rojo likishapoa lisilazwe katika sufuria ya alumini, ambayo huliwa na asidi. Wala lisifungwe kwenye chupa na kuwekwa kabatini eti kwa sababu limefunikwa na mafuta. Asidi ya nyanya hutofautiana, na baadhi huvuka pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, na namba yake hupanda asidi inapopungua), ambayo juu yake bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini wanaweza kukua; bakteria hao hustawi pasipo hewa, na mafuta huizuia hewa. Mahali salama ni friza, katika vifuko vidogo vinavyotosha chungu kimoja, vikiachiwa nafasi kwa kuwa rojo huvimba likiganda. Donge likihitajika hutumbukizwa moja kwa moja juu ya kitunguu kilicholainika, likayeyuka na mafuta yakajitenga tena, ndipo samaki wafuate. Tui la nazi litiwe mwishoni kwa moto mdogo, kwa kuwa asidi ya nyanya na mchemko mkali vikikutana hulikata.